Mtu Mzima Aweza Kujifunza Kuchora

Mwulize mtu mzima yeyote kama ajua kuchora picha, naye kwa kawaida atacheka na kusema kwamba hakupewa kipawa hicho. Mtu huyo huyo alijifunza kuandika barua, kuendesha baiskeli, kupiga taipu na kupogoa mikahawa, wala hakuzaliwa na ujuzi wa hata kazi moja katika hizo. Lakini juu ya kuchora huamini kabisa kwamba ama mtu amezaliwa nako, ama basi.

Mimi nami niliamini hivyo kwa muda wa miaka thelathini. Nilipokuwa mtoto shuleni, mwalimu alituagiza tuchore ng'ombe. Nilimchora ng'ombe wangu kwa bidii nyingi. Mwalimu akaiinua karatasi yangu ili darasa zima lione, akauliza kama yule alikuwa ng'ombe au meza yenye pembe. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana ningefanya nini? Tangu siku ile sikushika penseli isipokuwa kwa kuandika na kupiga hesabu.

Aliyenirudisha katika kazi hii ni mama yangu. Yeye sasa ni mzee sana, na hapendi kupigwa picha. Akiiona kamera hukaa wima na kukaza uso kama askari katika gwaride, hata picha ikitoka watoto wake wenyewe hatumtambui. Nilitamani kuwa na picha yake alivyo siku zote, ameketi juu ya kigoda akipukuchua mahindi, kabla siku zake hazijaisha. Nikaona hapana njia ila niichore mwenyewe.

Kabla sijaanza nilisoma habari za Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853, ambaye picha zake siku hizi huuzwa kwa fedha nyingi mno. Nilidhani nitasoma habari za mtoto wa ajabu. Hasha! Van Gogh alianza kwa kufanya kazi katika biashara ya kuuza picha za watu wengine, kisha akafundisha shule Uingereza, akafanya kazi katika duka la vitabu, akawahubiria wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji, na katika kazi hizo zote hakudumu. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, ndipo alipoazimia kuwa mchoraji. Naye alianza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: aliazima mazoezi ya Mfaransa mmoja, Charles Bargue, yenye kurasa 60 za mifano ya kuchora kwa makaa, akazinakili zote. Alinakili pia picha ya mpanzi wa mbegu iliyochorwa na Millet, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa mkulima. Ukizitazama picha za Van Gogh za mwanzo utaona watu waliokakamaa kama nguzo za ua. Na katika mwaka 1890, ule aliokufa, alimwandikia ndugu yake Theo kwamba alitaka kuzinakili tena kurasa zile zile za Bargue. Habari hiyo ilinipa moyo kuliko sifa zote alizosifiwa.

Basi nikanunua penseli moja laini, ya alama ya 2B, na karatasi nikatumia zile za ofisi zilizokwisha kuandikwa upande mmoja. Nikaweka kikombe mezani. Nilipomaliza, kikombe changu kilikuwa na mdomo wa mviringo kama mwezi mpevu, na kitako kilichonyooka kama rula. Nikakitazama tena kile cha mezani, nikaona kwamba kutoka pale nilipoketi mdomo wake haukuwa mviringo hata kidogo, bali ulikuwa umebanwa kama yai jembamba lililolazwa. Mimi nilijua kwamba midomo ya vikombe ni mviringo, basi nikachora nilichokijua, si nilichokiona. Ndipo nilipofahamu kosa la ng'ombe wangu wa zamani. Sikuwa nimemchora ng'ombe. Nilikuwa nimeandika orodha, miguu minne, pembe mbili, mkia mmoja, kama karani ahesabuye mali ya ofisi.

Kazi ya mwanzo basi ni kuyadanganya mawazo ili macho yapate nafasi. Mmarekani Betty Edwards, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979, huwaagiza wanafunzi wanakili picha iliyogeuzwa juu chini, maana mtu asipotambua kwamba hili ni pua na hili ni sikio, hulazimika kuufuata mstari jinsi ulivyo. Nilijaribu, nikashangaa. Lakini lililonifaa zaidi ni kigoda. Badala ya kuichora miguu yake, nilichora yale mapengo yaliyo katikati ya mguu na mguu. Pengo halina jina, wala mtu hana habari zake kichwani. Hana budi kulitazama. Nilipomaliza mapengo, miguu ilikuwa imesimama yenyewe, na kwa mara ya kwanza nilichora kitu ambacho mtu angethubutu kukikalia.

Vipimo navyo vilinisumbua. Nyosha mkono sawasawa, ufumbe jicho moja, upime kwa penseli kichwa cha mtu kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili wake. Van Gogh alipokuwa The Hague mwaka 1882 alitumia fremu ya mbao yenye nyuzi, akawa akitazama mashamba kupitia humo kama mtu atazamaye dirishani. Yangu niliitengeneza kwa fito nne zilizofungwa kwa kamba ya katani, na nyuzi za kushonea zikikatana katikati. Nikachora miraba ile ile katika karatasi, ili kila nilichokiona ndani ya mraba fulani nikiweke mahali pake.

Nilipoisimamisha mbele ya mama aliniuliza kama natega ndege. Nikamwambia, "La, mama, nakutega wewe." Akacheka, akaendelea na mahindi yake. Nilikaa naye saa nzima, na Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo, wala sikumbuki ni lini tena nilikaa naye muda kama huo bila kuiangalia saa. Uso ulinishinda mara sita. Mara ya saba niliuacha, nikachora mikono tu, vidole vilivyopinda juu ya gunzi, na mishipa iliyosimama.

Nikampa. Akaiweka karatasi mbali na macho yake, kama wafanyavyo wazee, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu," akasema, "hii si mikono yangu. Hii ni mikono ya marehemu mama."

Kisha akaigeuza mikono yake mwenyewe, juu na chini, akiitazama. Nyanya yangu alifariki kabla sijazaliwa, wala hapana picha yake hata moja. Mama akaniuliza kama karatasi zingaliko, akavuta ungo wa mahindi karibu. Uso bado haujanitoka vema. Jumamosi hii, mvua isiponyesha, nitakwenda tena.