Kabla hujaweka wembe shingoni, soma hii kwanza

Kovu langu liko chini ya sikio la kushoto, dogo kama punje ya mchele. Ukikutana nami Lodwar mjini huwezi kuliona. Mimi ndiye ninayelijua, kwa sababu lilinigharimu siku 28 za vidonge na miezi mitatu ya kulala jicho moja wazi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekataa, na blogu hailipi hata bando. Nikapata kazi ya kupiga picha kwenye harusi ya beshte yangu. Nikaona nisiende na ndevu za wiki mbili, nikaingia kwa kinyozi wa bei nafuu, nikaketi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, nikagundua wembe anaonichonga nao ndio ule ule aliomnyolea msee aliyetoka kitini kabla yangu. Shingo yangu tayari ilikuwa na tone la damu. Unajua nilifanya nini? Nilisema asante, nikalipa, nikaenda zangu. Aibu, bana.

Ni dadangu mkubwa aliyenisukuma hadi kituo cha afya asubuhi iliyofuata. Mhudumu aliniuliza maswali mengi, kisha akanieleza kuwa dawa za PEP za kuzuia virusi vya HIV huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kuisha. Nilimeza zote hadi ya mwisho. Vipimo vya mwisho vikatoka safi. Lakini siku hiyo niliapa: wembe wowote utakaogusa shingo hii, lazima nijue umetoka wapi.

Mwalimu nilimpata Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kwenye barabara ya kuelekea Lokichoggio. Kambi ilianza mwaka wa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa 2016. Watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia na Burundi wanaishi hapo, na wengi wamefungua biashara. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa 2018 ulihesabu maduka zaidi ya 2,000. Ukitembea sokoni utapita vibanda vya kunyoa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kioo chake na picha za mitindo ukutani.

Mwalimu wangu ni mzee wa Bukavu. Wembe wake ni ule wa kukunja, unaofunguka kama kisu cha mfukoni. Wa zamani kabisa ulikuwa chuma kimoja, unanolewa kwenye jiwe na kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi. Wake una umbo hilo hilo, ila una mdomo wa kushika nusu ya wembe wa kawaida wa dukani. Anavunja wembe mpya katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, anauchomeka, na mteja akiondoka anautupa kwenye kopo. Kama unaanza, nunua wa aina hii. Hutahangaika na kunoa, na kila ukinyoa una makali mapya. Wembe mmoja hata haufiki bei ya chai na mandazi mawili.

Siku ya kwanza alinitazama nikijaribu, akacheka. "Kijana, unapigana na nani? Acha wembe utembee."

Haya ndiyo niliyotoka nayo kwake.

Anza bila makali

Wiki ya kwanza usiweke wembe ndani. Paka povu usoni, shika mpini mtupu, fanya mizunguko yote mbele ya kioo. Vidole vitatu juu ya shingo ya chuma, gumba chini yake, kidole cha mwisho kwenye mkia. Ukizoea, weka wembe na unyoe puto. Ndiyo, puto la sherehe, lililopakwa povu. Likipasuka, shukuru halikuwa shavu lako.

Lainisha kwanza

Ndevu kavu ni kama waya. Noa baada ya kuoga, au weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu usoni kwa dakika mbili. Sisi wa Turkana tunajua maji hayachezewi, lakini kikombe kimoja kinatosha, na mtungi ulioachwa juani utakupa vuguvugu bila kuni. Paka krimu au sabuni ya kunyolea, povu zito. Sabuni ya kipande ya kufulia inakausha ngozi, iache kwa nguo. Chagua jioni. Saa saba mchana jasho linaingia kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa, na utalijua.

Pembe, kuvuta, na mwendo

Kona ya daftari ni nyuzi 90. Wewe unataka theluthi yake, nyuzi 30 hivi. Laza wembe bapa kwenye ngozi, kisha inua mgongo wake kidogo. Ukiusimamisha, unakata. Ukiulaza sana, unang'oa nywele.

Mkono wa pili una kazi: kuvuta ngozi ikaze. Ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali. Tembea hatua fupi fupi, kama sentimita mbili, bila kukandamiza. Na hii ishike kama jina lako: wembe huenda mbele, kamwe hauendi kando. Ukiuteleza upande upande, huo si kunyoa tena, ni kuchinja.

Siku za mwanzo nyoa mashavu tu. Kidevu, juu ya mdomo na koromeo zimalizie na mashine hadi mkono utulie.

Fuata nywele zinakolala

Pitisha vidole usoni. Upande unaoteleza ndiko nywele zinakolala, na ndiko wembe unakokwenda. Shingoni mara nyingi zinabadilisha njia, kwa hivyo chunguza. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha inarudi ndani ya ngozi na unapata vile vipele vya shingoni vinavyowasha wiki nzima. Pita mara moja, mara mbili ukizidi. Usitafute ulaini wa mtoto mchanga.

Ukianguka, acha uanguke

Wembe uliniponyoka nikaudaka hewani. Kidole kiliniuma siku kumi. Ukikuponyoka, rudisha mikono na miguu nyuma, usubiri utue. Wazee wetu Waturkana walivaa abarait, kile kisu cha duara cha kifundo cha mkono, na makali yake yalifunikwa kwa ngozi hadi wakati wa kazi. Na wewe ukimaliza, kunja wembe wako. Nusu iliyotumika iweke kwenye kopo lenye kifuniko. Usiitupe mchangani. Watoto wanapita hapo miguu mitupu.

Malizia kwa maji baridi, kisha gusa ngozi na jiwe la shabu lililoloweshwa. Linakausha vijeraha vidogo. Lakini jiwe hilo nalo ni lako peke yako.

Ukienda kwa kinyozi

Sisemi uache vinyozi. Wengi ni wasafi na wanalisha familia. Sema tu kabla hujaketi: "Kaka, nifungulie wembe mpya nikiona." Kinyozi mzuri hakasiriki. Ukiweza, nenda na wako mfukoni.

Spiriti inayopitishwa haraka juu ya wembe uliotumika haiufanyi mpya. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye damu ambayo hata huioni. Ugonjwa huo una chanjo, na Kenya imekuwa ikiwachanja watoto tangu mapema miaka ya 2000. Kama hujui ulichanjwa au la, uliza kituo cha afya. Na ukikatwa na wembe wa mtu mwingine, usifanye nilivyofanya mimi. Osha kwa maji na sabuni, usikamue, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Mhudumu ndiye ataamua kama unahitaji dawa.

Mwezi uliopita mdogo wangu, miaka 17, aliota ndevu nane hivi kidevuni. Nimezihesabu. Akaja kuniomba wembe wangu, haraka tu, ana mahali anaenda. Ni ndugu yangu, tunakula sahani moja. Nikamwambia hapana. Akanuna, akaniita mchoyo.

Jioni nilimletea mpini wake mwenyewe, pakiti ya nyembe, na puto moja jekundu. Ameshapasua matatu.