Kabla Hujalipia Pikipiki Iliyotumika, Sikiliza Mtetemo Wake

Msikilizaji, leo tuziache siasa kando, tuzungumzie pikipiki iliyokwishatumika, na hasa ule mtetemo anaouhisi mnunuzi mikononi na miguuni wakati anaijaribu.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya Kibiti. Mji ule uko kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na watu wengi wa delta ya Rufiji, kule kwenye visiwa na mikoko, hufika hapo kutafuta chombo. Mtu huja na fedha za ufuta, za korosho au za kamba, mara nyingi zimechangwa na ndugu watatu wanne. Muda wake ni mfupi, maana boti ya kumrudisha kutoka Nyamisati hungoja maji. Maji yakijaa, inaondoka. Muuzaji anayajua hayo. Anamwachia azunguke mara mbili kwenye lami karibu na stendi, fedha zinahesabiwa, na ubovu unagundulika chombo kikiwa kimeshavuka maji. Kukirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine, na muuzaji huenda asionekane tena kijiweni.

Kwanza tuelewane kwamba si kila mtetemo ni ugonjwa. Pikipiki nyingi za bodaboda, kama Boxer na TVS, zina silinda moja. Pistoni inapanda na kushuka peke yake, haina mwenzake wa kuipinga kama kwenye gari dogo la silinda nne, ambamo mbili zikipanda mbili zinashuka. Watengenezaji huweka uzito kwenye krenki ili kupunguza mshtuko huo, lakini hawaumalizi. Kwa hiyo hata pikipiki nzima itakuwasha viganja kidogo. Ili ujue kiasi cha kawaida, panda kwanza pikipiki ya aina ileile ambayo haiuzwi. Pale Kibiti hazikosekani. Mlipe kijana wa kijiweni nauli mwende kilometa chache, na ukimwomba kwa adabu huenda akakuachia usukani.

Ukishapanda ile inayouzwa, jiulize: mtetemo huu unafuata injini, au unafuata mwendo? Tairi la nyuma la pikipiki hizi lina mzingo wa karibu mita 1.8. Ukienda kilometa 40 kwa saa, linazunguka kama mara 6 kwa sekunde. Injini, ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, inazunguka zaidi ya mara 60 kwa sekunde. Ndiyo maana ubovu wa gurudumu hupiga dugu, dugu, dugu, mapigo ambayo nusura uyahesabu, na huja kwenye kiti na usukani. Ubovu wa injini ni mvumo mwembamba kama wa nyuki, unaoingia vidoleni na nyayoni hadi ganzi inashika.

Kuthibitisha ni rahisi. Nenda kilometa 40 kwa gia ya tatu, kisha mwendo uleule kwa gia ya nne. Mtetemo usipobadilika, shuku magurudumu. Ukibadilika, shuku injini au vifungo vyake. Halafu, barabara ikiwa tupu, bana klachi na uachie mafuta, chombo kiserereke. Dugu dugu ikiendelea, injini haimo katika kesi. Ikikatika papo hapo, simama, weka frii, piga resi taratibu. Ikirudi umesimama, ni injini au bolti zinazoishika. Isiporudi, tazama mnyororo: zungusha gurudumu la nyuma juu ya stendi kubwa. Mnyororo unaolegea mahali pamoja na kukaza pengine umeliwa, na sproketi zake huenda zimekwisha vilevile.

Magurudumu ndiyo yanayohitaji jicho kali kwa chombo kilichofanya kazi huku. Tope la mfinyanzi lililokauka ndani ya rimu linatosha kulifanya gurudumu lipige, kwa hiyo lioshwe kwanza ndipo ujaribu. Maji ya chumvi hula spoku, zikilegea rimu inapinda. Zigonge moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise kwa ubavu. Likicheza, beringi zimekwenda. Na tukumbuke kwamba Aprili 2024 mafuriko ya mto Rufiji yalifunika vijiji na mashamba ya Kibiti na Rufiji. Pikipiki iliyolala majini hupakwa rangi ikang'aa, lakini grisi ya beringi ikishachanganyika na maji na mchanga haiponi. Ukikuta magurudumu yote mawili yanakwaruza na shingo ya usukani nayo nzito, usiamini kwamba ni bahati mbaya ya beringi moja.

Shingo hiyo ipime gurudumu la mbele likiwa juu. Geuza usukani polepole. Ukinasa katikati kama umeingia kwenye tundu, beringi zake zimechimbika. Chombo cha namna hiyo huanza kuyumba mkono ukipunguza mafuta, na mchangani hakishikiki. Mtetemo unaotokea unapokamata breki tu ni wa drumu au sahani iliyopinda.

Sasa injini. Anza nayo ikiwa baridi. Ukiikuta ya moto, muuzaji ametangulia kuificha kelele yake. Bolti za kuishika zikilegea ni jambo la dakika chache, ila chunguza pale zinapoingia kwenye fremu. Ukiona mstari wa kutu, ufa wa rangi au weldingi mpya iliyopakwa rangi peke yake, hiyo ni fremu iliyokatika. Pikipiki zilizomaliza mkataba wa bodaboda zimebeba abiria wawili watatu na magunia. Mimi fremu iliyochomelewa shingoni siichukui hata kwa bei ya bure, kwa sababu kesho atapakiwa mama mjamzito anayewahi zahanati. Mgongo mzito unaosikika chini ya injini ukivuta mlima ni krenki, na dawa yake ni kufungua injini yote. Beringi za gurudumu unaweza kuzidai punguzo. Krenki, mwachie mwenyewe.

Majaribio yote haya yanataka kama nusu saa na njia ya vumbi, maana lami laini huficha mengi. Acha amana, mpakie muuzaji nyuma, tokeni nje ya mji. Uzito wake nao utakusaidia, kwani vifungo vilivyochoka husema zaidi vikibebeshwa. Akikataa, panda boti na fedha zako.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kulinganisha kadi ya pikipiki na namba za chesisi na injini.