Majitaka ya Viwandani Shambani
Kila lita moja ya alkoholi ya miwa ikenekwapo, hubaki lita 10 hadi 15 za majitaka yenye potasiamu ambayo miwa iliifyonza udongoni. Yakimwagwa mtoni, bakteria huozesha mabaki yaliyomo na kumaliza oksijeni ya maji, samaki hufa. Nchini Brazili hurudishwa katika mashamba ya miwa, tena kwa kipimo, maana yakizidi udongo huingia chumvi.

Metali, hata hivyo, haziozi. Huko Japani, Mto Jinzu ulichukua kadimi ya migodi ya Kamioka hadi mashamba ya mpunga. Mwaka 1968 serikali ilitamka kuwa kadimi hiyo ndiyo iliyosababisha itai-itai, ugonjwa unaovunja mifupa. Majitaka ya namna hiyo hutiwa chokaa kwanza ili metali zitulie chini. Na tope hilo si mbolea kamwe.