Hijra ya Mtume (S.A.W.) na Maandalizi ya Kustaafu Kazi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyeufuata uongofu wao. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zangu Waislamu, maudhui yetu ya leo ni juu ya siku ambayo kila mtumishi anajua kuwa itamfikia, na wachache mno huiwekea tayari: siku ya kuacha kazi kwa sababu ya umri. Hapa kwetu Tanzania, mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari yake atimizapo miaka 55, na walio wengi hulazimika kustaafu watimizapo miaka 60. Siku ya mauti hatukujulishwa. Lakini siku hii mtu huweza kuihesabu tangu alipoajiriwa. Basi ni ajabu iliyoje kwamba jambo lenye tarehe humjia mtu kwa ghafla!

Alinijia mzee mmoja baada ya sala ya Alasiri, mtu aliyetumikia ukarani zaidi ya miaka 30. Akaniambia, "Sheikh, mimi nilimtegemea Mungu, mbona mambo yamenivurugikia?" Nikamwuliza, "Mzee wangu, ulijiandaa vipi?" Akanyamaza kitambo. Kisha akakiri kuwa hata mkewe hakumwambia tarehe. Mama yule aliisikia kwa jirani. Kiinua mgongo chake alikinunulia gari la abiria, naye katika biashara hiyo hakuwa na ujuzi wowote. Haukupita mwaka, gari likawa limelazwa juu ya mawe. Na nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa ya kazi, ikabidi aihame.

Sikumlaumu, kwani majuto yalikwisha kumtosha. Lakini lile neno lake, "nilimtegemea Mungu," ndilo linalostahiki kufafanuliwa. Kumtegemea Mwenyezi Mungu, nako ndiko tawakkul, si kuacha sababu. Imepokewa katika Hadithi ya Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Hebu tuitazame Hijra, safari iliyobadilisha maisha ya Waislamu wote, mwaka 622 wa Miladi. Nani aliyemtegemea Mola wake kuliko Mtume (S.A.W.)? Na juu ya hayo, safari yake haikuachwa bila ya mpango. Sayyidna Abu Bakr aliwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne kabla ya kuondoka. Alipompa Mtume mmoja wao, Mtume hakukubali ila kwa kumlipa thamani yake. Wakamwajiri kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa hodari wa njia na mwaminifu wa ahadi. Wakajificha siku tatu katika pango la Thawr, lililo upande wa kusini wa Makka, ilhali Madina iko kaskazini. Abdullah, mwana wa Abu Bakr, akiwaletea habari za Makureshi usiku. Aamir bin Fuhayra akiwapelekea maziwa ya kondoo. Na Bibi Asmaa akakata mshipi wake kufungia chakula cha safari. Naye Sayyidna Ali akabaki nyuma ili azirejeshe amana za watu zilizowekwa kwa Mtume (S.A.W.).

Katika kisa hiki yamo mafunzo manne kwa mwenye kukaribia kustaafu.

Funzo la kwanza ni kuanza mapema. Ikiwa safari ya siku chache iliandaliwa miezi minne, je, safari ya maisha yaliyobaki? Miaka mitano kabla, kagua michango yako katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Hakikisha kuwa jina lako na tarehe ya kuzaliwa vinalingana katika hati zako zote, maana herufi moja iliyokosewa yaweza kuchelewesha haki yako. Na ujue kuwa sehemu moja ya mafao hutolewa kwa mkupuo, na sehemu nyingine hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Basi usiahidi wala usijenge juu ya fedha usizozipata.

Funzo la pili ni kuondoka na mikono safi. Makureshi walitaka kumwua Mtume, na bado amana zao zilirejeshwa. Itakuwaje kwa mtu anayeondoka na vifaa vya ofisi, au anayeficha madeni yake? Lipa deni, andika wasia, na wafunze kazi wale utakaowaachia.

Funzo la tatu ni kuwashirikisha watu wa nyumbani. Nyumba nzima ya Abu Bakr iliijua siri ya safari, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mkeo na wanao wakijua kipato kitakavyopungua, watapunguza matumizi pamoja nawe. Wasipojua, watakudhania bahili.

Funzo la nne ni kumwuliza ajuaye njia. Usiweke akiba ya miaka 30 katika biashara uliyoambiwa barazani. Shauriana na walioifanya, anza kwa kidogo ungali kazini, kisha usali Istikhara. Katika Surat Aali Imran, aya ya 159, ushauri umetangulia, kisha azma, kisha ndiyo tawakkul.

Wala msione haya kuanza upya. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina bila ya mali, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaanza kwa kuuza samli na jibini, na hakujiona duni.

Ndugu zangu, cheo ni nguo ya kuazima. Siku ya kuivua isikukute huna nyingine. Aliyezoea kuitwa "mkuu" akaja akapitwa bila ya salamu, huumia moyo kuliko aliyepungukiwa na fedha. Dawa yake imo katika Surat Al-Inshirah: tunafundishwa kwamba tumalizapo shughuli moja tujitahidi katika nyingine, na tumwelekee Mola wetu. Msikiti wahitaji watu wa safu ya mbele, madrasa zahitaji wasimamizi, na wajukuu wahitaji mwenye kuwafunza adabu.

Na mwenye kujifunza kujiandaa kwa safari hii ndogo, huenda akaikumbuka ile kubwa isiyo na tarehe.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.