Chanjo Haitaki Joto, Wala Kuganda

Kila asubuhi, kabla kina mama hawajajaa barazani, muuguzi wa zahanati husoma kipimajoto cha jokofu la chanjo na kuandika namba kwenye chati. Jioni hurudia. Namba hiyo isishuke chini ya nyuzi 2 za Selsiasi, wala isizidi 8.

Joto hudhoofisha haraka chanjo za polio na surua. Baridi kali nayo ni hatari: chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Kwenye kichupa kuna alama ndogo, duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukilingana nalo kwa rangi au ukiwa mweusi zaidi, kichupa hakitumiki. Alama hiyo ilianza mwaka 1996 kwa chanjo ya polio ya matone. Huonyesha joto tu, si kuganda.

Chanjo ya surua ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6, inayobaki humwagwa. Ndiyo sababu zahanati nyingi hupanga watoto waje siku moja.