Kupiga kasia bila maji: kilometa 160 za Ziwa Albert ndani ya sali moja

Mu muji wa Bunia tumezoea njia nyingi za kuchangia ndugu waliokimbia vita ya Djugu na Irumu: matembezi, mechi ya mupira, kitunga kinachopita kanisani. Mu inchi zingine kuna njia ingine. Watu wanakaa ku mashine ya kupiga kasia ndani ya nyumba, wanavuta kilometa nyingi, na kila kilometa inalipiwa na wale walioahidi. Inawezekana hapa pia, lakini inaomba matayarisho. Mutu akiingia mbio mbio, mugongo unaumia siku ya kwanza, na musaada unabaki njiani.

Mashine yenyewe ni nini?

Iko na kiti kinachoteleza mbele na nyuma, mushikio wenye munyororo, na gurudumu lenye mapanga kama ya feni. Ukivuta kwa nguvu, hewa inakataa zaidi, sawa na maji. Ndugu wawili Wamarekani, Dick na Pete Dreissigacker wa kampuni Concept2, walitoa mashine yao ya kwanza mwaka wa 1981, ili wapiga kasia wasikose mazoezi wakati wa baridi kali. Ngambo ya Ziwa Albert, majirani wetu Waganda walipata mupiga kasia wao wa kwanza ku Olimpiki: Kathleen Noble, ku Tokyo, mu michezo ya 2020 iliyofanyika 2021.

Nguvu inatoka ku miguu

Hapa ndipo wengi wanakosea. Muvuvi wa Tchomia ao Kasenyi, mu mutumbwi wake, anaangalia mbele na anatumikisha mabega na kiuno. Ku mashine ni tofauti: kiti kinateleza, na kazi kubwa iko ya miguu. Fuata mupango huu: sukuma kwa miguu, kisha mwili urudi nyuma kidogo, mwishoni mikono ivute mushikio mpaka chini ya kifua. Kurudi ni kinyume: mikono, mwili, miguu. Mugongo ubaki wima, usijipinde kama upinde.

Pembeni ya gurudumu kuna kifungio chenye namba 1 hadi 10 kinachoingiza hewa. Vijana wanapenda kuweka 10 ili waonekane wenye nguvu. Apana. Kwa safari ndefu, 3 hadi 5 inatosha.

Wiki kumi za mazoezi

Anza mara tatu kwa wiki, dakika 15 hadi 20 kila mara. Vuta mara 20 hivi kwa dakika, mwendo ambao unaweza kusema na mwenzako bila kuhema. Kila wiki ongeza dakika chache tu, na kila wiki ya ine punguza, mwili upumzike. Shuka ku kiti mara kwa mara juu ya kunyoosha miguu. Kunywa maji safi. Kula bugali, ndizi ao wali masaa mawili mbele. Ukisikia maumivu ya kifua ao kizunguzungu, acha palepale, uende ku kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa moyo ao tansio aone munganga mbele ya kuanza.

Hesabu ya safari

Ziwa Albert liko na urefu wa kilometa karibu 160. Watu kumi wakigawana, kila mumoja anavuta 16. Kwa mwendo wa dakika 2 na nusu kwa kila meta 500, hiyo ni saa moja na dakika 20 kwa mutu. Mashine moja inatosha: wote kumi wakipokezana wanamaliza kwa masaa 13 na dakika 20, pamoja na dakika chache za kubadilishana.

Sasa feza. Mutu akiahidi franka 100 kwa kilometa, atatoa 16,000. Watu 30 kama huyo ni franka 480,000. Ni sabuni, mafuta na madaftari kwa jamaa nyingi za kambi kama Kigonze.

Lakini ahadi nayo inaomba mazoezi. Andikeni kila jina na kiasi mu daftari. Mwenye kushika feza asiwe peke yake, wawe wawili. Ulizeni kwanza kamiti ya kambi nini inakosekana, musiamue mu nafasi yao. Mukisha kununua, mutangaze wazi: tuliingiza ngapi, tulitumia ngapi. Pasipo hayo, mwaka ujao hakuna atakayeahidi tena.

Na kama sali ya kartie yenu haina mashine? Kilometa 160 zinaweza kutembelewa kwa miguu, zikizungushwa ku kiwanja cha mupira. Wiki kumi ni zilezile, na daftari ni lilelile.