Mwaka wa ng'ambo kabla ya udaktari: yanayofaa kupimwa kabla ya kutia saini

Matokeo ya KCSE hutoka mwanzoni mwa Januari, na wanafunzi wapya huripoti vyuo vikuu Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo minane hivi, kijana wa Kilifi aliyepata alama za kusomea udaktari huweza kujikuta na barua mbili mkononi. Ya kwanza inatoka KUCCPS na inamwita chuoni humu nchini kusomea Utabibu na Upasuaji. Ya pili inamwambia amepata ufadhili wa masomo ng'ambo, na kwamba mwaka wa kwanza atautumia kujifunza lugha. Iwe ni Jilore, Kaloleni au Mtwapa, kikao cha familia hufanyika usiku huo huo: aende au aripoti?

Kinachowachanganya wengi ni kwamba maneno "mwaka wa ng'ambo" hutumiwa kwa mambo mawili yasiyofanana.

Kuna mwaka wa kwenda na kurudi. Mfano unaojulikana zaidi Pwani ni mpango wa YES wa serikali ya Marekani, ulioanzishwa mwaka wa 2002 na kupewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Huwachukua wanafunzi wa shule za upili wenye umri wa miaka 15 hadi 17. Huko huishi na familia ya mwenyeji na kusoma shule ya kawaida kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha hurudi nyumbani. Gharama kuu hulipwa na mfadhili. Lakini masomo ya mwaka huo hayachukui nafasi ya KCSE, na bila KCSE hakuna nafasi ya udaktari kupitia KUCCPS. Zamani aliyerudi aliingia tu katika darasa lililomfuata. Sasa hali imebadilika. Darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027, na nyuma yake wanakuja wanafunzi wa mtaala mpya walioanza Gredi ya 10 Januari 2026. Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anayefikiria kuondoka sasa anapaswa kwenda na mzazi kwa mwalimu mkuu na kuuliza atarudi katika darasa gani, kisha jibu alipate kwa maandishi. Pia ahakikishe kwanza kama mpango wenyewe umetangaza nafasi mwaka huo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ni mwaka wa lugha, na huo haumrudishi mtu nyumbani baada ya miezi kumi. Ni mwanzo wa safari ya miaka saba. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, ndio mfano ulio wazi. Hulipa karo, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi na tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi masomo yakiisha. Mwaka wa kwanza mwanafunzi husoma Kituruki mpaka afikie kiwango cha C1, kisha huanza udaktari wa miaka sita. Kwa miaka kadhaa maombi yamekuwa yakifunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20, yaani matokeo ya KCSE yakiwa bado moto. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21, na kwa udaktari huhitajika alama za asilimia 90, si 70 zinazotosha kwa kozi nyingine nyingi. Kuomba ni bure. Wakala anayedai pesa za "kufungua faili" anauza kitu kisichouzwa.

China nayo huwa na mwaka wa Kichina kwa wengi wanaofadhiliwa na serikali yake, na Pwani inao mfano wake. Mwaka wa 2005 Mwamaka Sharifu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, alipata ufadhili wa kwenda China wakati nchi hiyo ikiadhimisha miaka 600 tangu safari za Zheng He, baharia ambaye meri zake zilifika Malindi. Msichana huyo wa Lamu alisomea tiba ya jadi ya Kichina mjini Nanjing. Habari yake ilienea sana, na inafaa kukumbukwa pia kwa sababu ya jina la kozi. Tiba ya jadi ya Kichina ni taaluma inayojitegemea. Si shahada ya Utabibu na Upasuaji. Barua ikisema "medicine", soma jina kamili la shahada kabla ya kufurahi.

Baada ya hapo hesabu yenyewe si ngumu. Humu nchini udaktari huchukua miaka sita, kisha mwaka mmoja wa kuwa daktari mwanagenzi hospitalini. Anayeanza akiwa na miaka 19 atakuwa na 26 atakaposajiliwa. Akipitia Uturuki huongeza mwaka wa lugha, na akirudi kuna mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambao waliosomea nje ya Afrika Mashariki hupaswa kuupita kabla ya kuanza uanagenzi. Mambo yakienda sawa, tofauti ni kama miaka miwili. Yasipoenda sawa huwa zaidi, kwa maana hata nafasi za uanagenzi zimewahi kuchelewa. Malipo ya wanagenzi yalikuwa kiini cha mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56.

Kuna na hili ambalo halimo katika fomu yoyote. Daktari aliyefunzwa Ankara hukutana na malaria mara chache sana, na msamiati wake wa wodini ni wa Kituruki. Wodi za Malindi na Kilifi zina malaria na watu walioumwa na nyoka, na mtihani wa KMPDC ni wa Kiingereza. Si kikwazo kisichovukika, lakini likizo za kurudi nyumbani zitakuwa na kazi ya kufanya. Kwa upande wa pili, udaktari ni miongoni mwa kozi ghali zaidi nchini. Kwa familia ambayo hata baada ya mkopo wa HELB na basari bado haioni karo itatoka wapi, ufadhili kamili unaweza kuwa ndiyo njia pekee, na miaka miwili ya ziada ni bei ndogo.

Anayetaka kuonja kazi hii bila kupanda ndege ana nafasi hapa hapa. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilicho Kilifi tangu 1989, kimekuwa na mpango wa kuwachukua baadhi ya waliofanya vyema katika KCSE kutoka shule za kaunti kwa miezi michache kabla ya chuo. Kijana hukaa na watafiti na kuona maabara. Wengine hutoka wakiwa na hamu zaidi, wengine wakigundua kwamba damu si fani yao. Yote mawili ni faida.

Aliyeamua kwenda asiiache nafasi ya KUCCPS ikafa kimya kimya. Amwandikie msajili wa masomo wa chuo alichoitwa, aombe kuahirisha kwa mwaka mmoja, aambatishe barua ya ufadhili na asubiri jibu lililoandikwa. Kila chuo kina kanuni zake, na si vyote hukubali. HELB ijulishwe ili mkopo usitolewe kwa mwanafunzi ambaye hayuko darasani. Anayesaidiwa na Mfuko wa Ufadhili wa Masomo wa Wadi aiarifu kamati ya wadi yake kabla ya kuondoka, na aulize kama atahitaji kuomba upya atakaporudi. KMPDC nayo iulizwe mapema kama inakitambua chuo cha ng'ambo kilichotajwa kwenye barua, na mwanafunzi ataorodheshwa vipi. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na inafaa kuombwa Januari hiyo hiyo, hata kabla jibu la ufadhili halijafika.